Ubao wa Bao na Namba Yake ya Tarakimu Ishirini na Tano

Alasiri, katika baraza za Ngamiani mjini Tanga, au Pangani karibu na mahali mto unapoingia baharini, ni jambo la kawaida kuwakuta watu wawili wamekabiliana juu ya ubao wa bao, na watazamaji wamewazunguka. Ubao una safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Kwa hiyo mashimo yote ni 32. Kila mchezaji humiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, nazo kwa desturi ya pwani ni komwe, yaani mbegu ngumu za rangi ya kijivu zitokazo katika mkomwe, mmea mtambazi wenye miiba uotao kando ya bahari. Mbegu hizo huelea majini na ganda lake halipenyezi maji upesi, ndiyo sababu bahari huzichukua kutoka ufuko mmoja na kuzitupa katika ufuko mwingine. Mtoto wa Tongoni akitaka kete haendi dukani.

Mchezo wenyewe hauhitaji kuelezwa kwa kirefu kwa wasomaji wa pwani. Kwa wale wa bara itoshe kusema kwamba kuna namna mbili za kuuanza. Katika bao la Kiswahili lenyewe, ambalo ndilo bao la mabingwa, kila mchezaji huweka kete 10 tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani nalo. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, zikaingizwa moja moja katika sehemu ya mchezo iitwayo namua. Zikiisha mkononi, kete zote 64 zimo ubaoni, na hapo mchezo huingia katika mtaji. Namna ya pili ni bao la kujifunza. Humo hamna namua wala nyumba. Kete zote hupangwa tangu mwanzo, mbili katika kila shimo. Mabingwa hulidharau kidogo bao hili kwa kuwa ni la watoto na wanaoanza. Hata hivyo msomaji aikumbuke picha hiyo ya kete mbili mbili, kwa maana itarudi mahali asipoitazamia.

Mtaalamu wa Uholanzi, Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na kuandika kitabu juu yao mwaka 1995, alishughulika na uwezo wa akili wa kuona mbele hatua nyingi za mchezo. Makala haya yanashughulika na jambo jingine, nalo ni ubao wenyewe kabla mtu hajagusa kete. Swali ni hili: kete 64 zaweza kupangwa katika mashimo 32 kwa njia ngapi? Na namba ya njia hizo ni witiri au shufwa?

Swali la pili laonekana dogo mno kando ya la kwanza. Lakini ndilo ambalo mashine nyingi hulijibu vibaya.

JIBU LA MASHINE

Mwanafunzi mwenye kikokotoo cha kisayansi, akijua kanuni ya kuchagua vitu, ataona kwenye kioo jibu hili: 9.900582591 mara 10 kwa kipeo cha 24. Yaani namba ina tarakimu 25, na kikokotoo kimeonyesha 10 za mwanzo tu. Tarakimu ya mwisho, ambayo ndiyo pekee inayoamua kama namba ni witiri au shufwa, haimo. Programu za majedwali zitumiwazo maofisini nazo hazisaidii: nyingi hutunza tarakimu 15 za maana na kujaza sifuri zilizobaki, hivyo kwamba mtu anayesoma sifuri ya mwisho bila kufikiri atasema namba ni shufwa.

Hitilafu hii ina chanzo chake ndani ya mashine, wala si bahati mbaya. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Katika utaratibu wa kawaida wa kutunza namba kubwa zenye desimali, huhifadhi tarakimu 53 za mwanzo za namba hiyo ya 0 na 1, na kuyaacha mengine. Namba ya ubao wa bao, ikiandikwa kwa 0 na 1, ina tarakimu 84. Kwa hiyo tarakimu 31 za mwisho hugeuzwa kuwa sifuri, na chochote mashine itakachotoa kwa utaratibu huo kitakuwa kigawe cha 2 kwa kipeo cha 31, yaani kigawe cha 2,147,483,648. Mashine hiyo haiwezi kabisa kutoa jibu la witiri kwa namba ya ukubwa huu. Itasema shufwa hata pale ambapo ukweli ni witiri.

Zipo programu zinazotunza tarakimu zote bila kupoteza hata moja, na mwalimu mwenye kompyuta aweza kuzitumia. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili asiye na kitu ila kalamu, karatasi na ubao wa bao aweza kulimaliza swali hili kwa uhakika mkubwa kuliko kikokotoo. Namna ya kufanya hivyo ndiyo kiini cha makala haya.

NJITI THELATHINI NA MOJA

Kwanza ni lazima kueleza kwa usahihi kinachohesabiwa. Kete zote huchukuliwa kuwa sawa, kwa kuwa mchezo hautofautishi komwe na komwe. Mashimo hayachukuliwi kuwa sawa: kete tatu katika shimo la kwanza si mpangilio mmoja na kete tatu katika shimo la pili. Shimo laweza kuwa tupu, na laweza kubeba kete zote 64. Haiulizwi zamu ni ya nani. Wala haiulizwi kama mpangilio waweza kufikiwa kwa kucheza kwa sheria; hilo ni swali jingine, gumu zaidi. Mpangilio ambamo safu ya mbele ya mchezaji imeishiwa kete zote, ambao kwa wachezaji ni mwisho wa mchezo, nao umo katika hesabu.

Sasa chukua kete 64 na njiti za kiberiti 31. Ziweke zote katika mstari mmoja. Kete zilizo kabla ya njiti ya kwanza ni za shimo la kwanza. Zilizo kati ya njiti ya kwanza na ya pili ni za shimo la pili. Na kuendelea hivyo hadi zile zilizo baada ya njiti ya 31, ambazo ni za shimo la 32. Njiti mbili zikifuatana bila kete kati yake, shimo hilo ni tupu. Kila mpangilio wa ubao hutoa mstari mmoja, na kila mstari hutoa mpangilio mmoja. Mstari una nafasi 64 na 31, yaani 95. Kwa hiyo kazi yote imekuwa kuchagua nafasi 31 za njiti kati ya nafasi 95.

Ni vizuri kujaribu njia hii kwa ubao mdogo kabla ya kuiamini. Kwa kete 4 na mashimo 2 inahitajika njiti moja katika nafasi 5, kwa hiyo njia ni 5. Ziandikwe: 0 na 4, 1 na 3, 2 na 2, 3 na 1, 4 na 0. Ni tano kweli. Kwa kete 8 na mashimo 4, njiti ni tatu katika nafasi 11. Njiti ya kwanza ina nafasi 11, ya pili 10, ya tatu 9. Lakini kwa kuwa njiti zote ni sawa, kila uchaguzi umehesabiwa mara 3 × 2 × 1. Jibu ni 990 kugawanya kwa 6, yaani 165.

Kwa ubao kamili, zidisha namba zote kuanzia 95 kushuka hadi 65, ambazo ni namba 31, kisha gawanya kwa zao la namba zote kuanzia 31 kushuka hadi 1. Matokeo ni:

9,900,582,591,005,555,469,968,805.

Mtu anayepanga mpangilio mmoja kila sekunde bila kulala angehitaji zaidi ya miaka laki tatu ya milioni za milioni, muda unaozidi umri wa ulimwengu, ukikadiriwa kuwa miaka bilioni 13.8, zaidi ya mara milioni 20. Na tarakimu ya mwisho ni 5. Namba ni witiri.

KUKUNJA UBAO

Je, msomaji analazimika kuamini tarakimu hiyo ya mwisho kwa kuwa imechapishwa? Hapana. Aweke ubao mbele yake.

Arudi kwanza kwenye zile njia tano za kete 4 katika mashimo 2. Akibadilishana mashimo, la kushoto liwe la kulia, mpangilio wa 0 na 4 hugeuka kuwa 4 na 0, na wa 1 na 3 hugeuka kuwa 3 na 1. Hizo ni jozi mbili. Mpangilio wa 2 na 2 haugeuki. Umebaki peke yake bila mwenzi. Jozi mbili na mmoja asiye na mwenzi ni tano, nayo ni witiri kwa sababu ya huyo mmoja.

Sasa afanye vivyo hivyo kwa ubao mzima. Achukue mpangilio wowote na ageuze ubao nusu mzunguko, ili mashimo ya mchezaji wa kwanza yawe mahali pa mashimo ya wa pili. Mpangilio utakaoonekana ama ni tofauti na wa awali, ama ni uleule. Ukiwa tofauti, yote miwili ni jozi, kwa maana ukigeuza ubao tena utarudi ulikoanzia. Mipangilio yenye jozi kwa jumla ni shufwa, hata iwe mingi kiasi gani. Kwa hiyo namba nzima ni witiri au shufwa kwa kufuata mipangilio isiyo na mwenzi peke yake.

Na hiyo isiyo na mwenzi ni ipi? Ni ile ambayo wachezaji wote wawili wana kete zilizopangwa sawasawa. Kila mmoja ana kete 32 katika mashimo yake 16, na ukiujua upande mmoja umeujua na wa pili. Basi ubao umekunjwa mara moja: mahali pa kete 64 katika mashimo 32, sasa kuna kete 32 katika mashimo 16.

Hakuna kinachozuia kukunja tena. Katika safu mbili za mchezaji mmoja, badilisha kushoto na kulia. Mipangilio isiyo sawa pande zote huungana jozi jozi na kuondoka. Inabaki ile yenye kete 16 katika mashimo 8. Kunja tena: kete 8 katika mashimo 4. Tena: kete 4 katika mashimo 2. Mara ya tano, safu ya mbele juu ya safu ya nyuma: kete 2 katika shimo 1. Na kete mbili katika shimo moja zaweza kupangwa kwa njia moja tu.

Moja ni witiri. Kwa hiyo 5 ni witiri, 165 ni witiri, na namba mbili zinazofuata katika mnyororo huu, 245,157 kwa mashimo 8 na 751,616,304,549 kwa mashimo 16, nazo ni witiri. Na namba ya tarakimu 25 ya ubao mzima ni witiri. Hakuna hata tarakimu moja iliyokokotolewa ili kulijua jambo hilo.

Ukikunjua ubao na kurudi nyuma hatua zote tano, mpangilio ule mmoja wa mwisho, uliokataa kupata mwenzi kila mara, ni upi? Ni kete mbili katika kila shimo. Ni mwanzo wa bao la kujifunza, lile ambalo mabingwa hulidharau.

KUIVUNJA NAMBA

Jambo la kwanza analoliuliza mwanahisabati anapoletewa namba kubwa ni vigawo vyake tasa. Namba tasa, kama wanafunzi wajuavyo, ni ile isiyogawanyika ila kwa yenyewe na kwa moja, na kila namba nzima inayozidi moja hujengwa kwa kuzidisha namba tasa kwa njia moja tu. Kwa namba yenye tarakimu 25 iliyookotwa tu njiani, kuvitafuta vigawo hivyo kwa mkono ni kazi ya kukatisha tamaa. Namba ya bao haikuokotwa njiani. Kuzaliwa kwake kunajulikana: juu kuna namba kuanzia 65 hadi 95, na chini kuna namba kuanzia 1 hadi 31. Basi vigawo vyake vyote tasa ni vidogo kuliko 95, na kazi iliyobaki ni kufuta vya chini na vya juu.

Angalia 67. Yumo juu mara moja, na chini hayumo, kwa kuwa chini hakuna namba inayozidi 31. Hawezi kufutwa. Ndivyo ilivyo kwa 71, 73, 79, 83 na 89. Angalia 37: yumo ndani ya 74. Na 41 yumo ndani ya 82, 43 ndani ya 86, 47 ndani ya 94. Hao pia hawafutiki. Lakini 53, 59 na 61 hawamo kabisa, maana wao ni wadogo kuliko 65 na maradufu yao yanapita 95.

Kwa namba tasa ndogo mambo huwa ya kupendeza zaidi. 7 anapatikana juu katika 70, 77, 84 na 91, mara nne. Chini katika 7, 14, 21 na 28, mara nne. Wanafutana wote, na kwa hiyo namba ya bao haigawanyiki kwa 7. 29 yumo juu katika 87 na chini peke yake: amefutwa. 31 yumo juu katika 93 na chini peke yake: amefutwa. 11 yumo juu mara tatu na chini mara mbili: amebaki mmoja. Hivyohivyo 13. Kwa 17, 19 na 23, juu mara mbili na chini mara moja. Hesabu ya 5 ni 8 juu na 7 chini, ukikumbuka kwamba 75 ina wawili na 25 ina wawili. Hesabu ya 3 ni 15 juu na 14 chini. Na hesabu ya 2, yenye kuchosha kuliko zote, ni 26 juu na 26 chini. Kukunja ubao kumethibitishwa kwa njia ya pili.

Matokeo yote ni haya:

3 × 5 × 11 × 13 × 17 × 19 × 23 × 37 × 41 × 43 × 47 × 67 × 71 × 73 × 79 × 83 × 89.

Ni namba tasa 17, na hakuna hata moja iliyojirudia. Jambo hili ni la kutazamwa. Namba kubwa zilizojengwa kwa kuzidisha namba nyingi ndogo kwa kawaida hujaa 2 na 3 kwa vipeo vikubwa. Hii haina 2 hata mmoja, na 3 ni mmoja. Kwa kuwa kila mmoja wa hao 17 aweza kuchukuliwa au kuachwa, idadi ya vigawo vyote vya namba hii ni 2 kwa kipeo cha 17, yaani 131,072.

Wanafunzi wasiamini maandishi haya bila kuyapima. Jumla ya tarakimu za namba ni 123, ambayo yagawanyika kwa 3 lakini haigawanyiki kwa 9, kama ilivyotakiwa. Kwa kipimo cha 11, jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: zinafika 67. Zilizobaki zinafika 56. Tofauti ni 11, kwa hiyo 11 ni kigawo. Mwenye subira na agawanye namba yote kwa 89 kwa mkono. Itaisha bila baki.

KANUNI YA KUMMER

Mwaka 1852 mwanahisabati wa Kijerumani, Ernst Kummer, alichapisha kanuni inayofanya kazi hii ya kufuta kwa njia fupi mno. Andika kete 64 na njiti 31 katika mfumo wa tarakimu wa namba tasa unayoichunguza, kisha zijumlishe. Idadi ya mara unazolazimika kupeleka moja kwenye safu inayofuata kushoto ndiyo idadi ya namba tasa hiyo katika jibu.

Kwa 2: 64 huandikwa 1000000 na 31 huandikwa 0011111. Jumla ni 1011111. Hakuna kilichopelekwa, kwa hiyo hakuna 2. Kwa 7: 64 ni 121, yaani 49 moja, 7 mbili na moja, 31 ni 043. Jumla ni 164, na hapa pia hakuna kilichopelekwa. Kwa 3: 64 ni 2101 na 31 ni 1011. Safu ya mwisho kushoto ina 2 na 1, ambazo ni 3, kwa hiyo moja hupelekwa mara moja tu. Na 3 ni mmoja. Mwalimu anayefundisha kuandika namba katika mifumo mbalimbali, ambalo kwa wanafunzi wengi ni somo kavu lisiloonekana lina kazi gani, ana mfano hapa.

Ni lazima kusema kwamba wepesi huu wote unatokana na kuijua asili ya namba. Zipo namba ambazo asili yake imefichwa makusudi. Mwaka 1977 ilitangazwa namba ya tarakimu 129 iliyotengenezwa kwa kuzidisha namba tasa mbili tu, na wasomaji wakaalikwa kuzitafuta. Zilipatikana mwaka 1994, baada ya watu wa kujitolea wapatao 600 katika nchi mbalimbali kuunganisha kompyuta zao kwa muda wa miezi kadhaa: moja ilikuwa na tarakimu 64 na nyingine 65. Ugumu wa aina hiyo ndio uliotumika kujenga baadhi ya njia za kuficha ujumbe zinazotumiwa katika mawasiliano ya kompyuta. Namba ya bao haifai kazi hiyo hata kidogo. Mwenye kuujua ubao anaijua yote.

KOMWE ILIYOPOTEA

Limebaki jambo moja ambalo kila baraza hulijua. Komwe huteleza. Moja ikidondoka chini ya mkeka na mchezo ukapangwa kwa kete 63, namba ya mipangilio inakuwaje?

Geuza ubao nusu mzunguko kama mwanzo. Safari hii hakuna mpangilio hata mmoja unaoweza kubaki ulivyo, kwa kuwa wachezaji wawili hawawezi kugawana kete 63 sawasawa. Kila mpangilio una mwenzi wake. Namba ni shufwa mara moja, bila kukunja mara ya pili. Na kwa kanuni ya Kummer, 63 huandikwa 0111111 na 31 huandikwa 0011111. Katika kuzijumlisha, moja hupelekwa kushoto mara sita mfululizo. Basi namba mpya yagawanyika kwa 2 kwa kipeo cha 6, wala haizidi hapo: yagawanyika kwa 64, haigawanyiki kwa 128.

Ikipatikana komwe hiyo na kurudishwa ubaoni, 2 zote sita hutoweka. Sababu yake imo katika uhusiano wa namba hizo mbili: ile ya kete 64 hupatikana kwa kuizidisha ile ya kete 63 kwa 95 na kuigawanya kwa 64. Msomaji aweza kuuthibitisha uhusiano huo kwa njiti na kete zake, kisha ajaribu kueleza kinachotokea komwe ikizidi, zikawa 65.